Mizani ya Kijicho

Mizani ilisoma tisini na moja.

Bwana Ngulo, karani wa Chumba cha Mapingamizi, aliitazama namba ile kama mtu aliyeona nzi kwenye chai ya mgeni. Akaigonga skrini kwa ukucha. Namba haikusogea.

"Pengine mkono umelowa, Daktari," alisema. "Ufute, tujaribu tena."

Nikaufuta mkono kwenye suruali, nikauingiza tena katika lile tundu la chuma. Mwezi wa saba Iringa chuma huuma kama mbwa. Kitu fulani kikanigusa kiganjani, kikaonja jasho, kikaonja na tone la damu, kikanyamaza kufikiri.

"Tisini na mbili," alisema Bwana Ngulo kwa upole. "Tuchukue ile ya kwanza."

"Tuchukue ile ya kwanza," nilikubali.

"Unajua kwamba mtu husikilizwa mwisho arobaini."

"Najua. Mimi ndiye niliyeiweka hiyo arobaini."

Na ni kweli. Miaka tisa iliyopita Baraza la Utafiti lilichoka na watafiti wa nchi hii kuzikana wakiwa hai. Mtu anagundua dawa, mwenzake anaipinga kwa kuwa tu haikugunduliwa na yeye, na mgonjwa yuko kitandani anasubiri wazee wamalize kununiana. Ndipo ikatengenezwa Mizani. Mimi, Gaspar Kihwele, daktari wa magonjwa ya namna mwili unavyopika vitu vyake, niliitwa kueleza kijicho kinaacha makombo gani kwenye damu. Nilieleza vizuri sana. Walinipigia makofi, wakanipa shajara yenye jalada la ngozi.

Mizani haisemi kwamba mtu ni mwongo. Inasema ana kijicho, basi. Lakini pingamizi lililoandikwa na mwenye kijicho cha kupita arobaini hukunjwa, hutiwa kwenye bahasha ya bluu, na kwa siku tisini jina la mwandishi haliruhusiwi kutokea popote kwenye jambo hilo. Unaruhusiwa kurudi mara moja tu, baada ya siku moja kupita. Ukisoma chini ya arobaini, bahasha inafunguliwa.

Bwana Ngulo alinipa karatasi yangu ya kipimo, ameikunja mara nne ili watu wa koridoni wasiione.

"Nenda kapumzike, Daktari. Kesho njoo asubuhi, hujakutana na mtu."

Mtu aliyemaanisha alikuwa mmoja, na wote wawili tulimjua.

*

Ugonjwa niliousoma maisha yangu yote unaitwa porfiria, na wanafunzi huwa nawaeleza hivi. Wekundu wa damu unatengenezwa na watu wanane waliopanga mstari, wanapokezana matofali. Kila mmoja analichonga kidogo tofali, anampa wa mbele yake. Kwa wagonjwa wangu, mtu wa tatu ni mvivu wa kuzaliwa. Kazi ikiwa ndogo anaimudu. Kazi ikizidi, matofali yanarundikana mbele yake, yanaanguka, na kila yanapoangukia ni maumivu: tumbo, mgongo, mishipa ya miguu, mwisho kifua kinashindwa kuvuta pumzi. Na kitu kinachomfanya mtu wa kwanza arushe matofali kama amepagawa ni njaa.

Mwalimu Salum Kivamba alikuwa mgonjwa wangu wa kwanza. Alipoletwa kwangu alikuwa ameshapasuliwa tumbo mara tatu na madaktari waliotafuta kitu wasichokijua, na ndugu wa mke walikuwa wameshamwita mchawi. Mimi nilichukua mkojo wake, nikautia kwenye chupa, nikauweka dirishani penye jua. Ulitoka mweupe kama wa mtu yeyote. Kesho yake ulikuwa na rangi nyekundu ya maji ya choya. Nilimshika mkono yule mtu nikamwambia, "Wewe si mchawi, Mwalimu. Una mvivu mmoja tu ndani." Akalia, akacheka, akaniuliza kama mvivu huyo anaweza kuchapwa viboko, maana yeye ni mwalimu.

Tangu siku hiyo nilimkataza mambo mawili: dawa fulani za usingizi, na kufunga Ramadhani. La kwanza halikumsumbua. La pili lilimvunja. Kwa miaka ishirini na minne, kila Ramadhani saa saba mchana, Mwalimu Salum amekuja ofisini kwangu na kikapu chake, tumefunga mlango, tumekula, ili watu asiowajua wasimwone mtu mzima anatafuna mchana. Mimi ni Mkatoliki, lakini mfungo wa Waislamu nauhesabu siku hadi siku kuliko Kwaresima.

Halafu akaja Leokadia Mhagama na punje yake.

Punje ni chembe hai, ndogo kama mtama, iliyooteshwa kutoka kwenye seli za mgonjwa mwenyewe. Inapandikizwa chini ya ubavu wa kulia, na hapo inafanya kazi ya yule mtu wa tatu. Kila saa inatuma hesabu kwenye bangili ya mgonjwa: kijani, mambo mazuri, njano, tahadhari, nyekundu, kimbia hospitali. Watu mia mbili na kumi na wawili walikuwa nayo tayari, na kila mmoja alikuwa na barua yenye sahihi ya Dkt. Mhagama kwamba anaweza kuishi kama watu wengine, kufunga kukiwemo. Jumamosi mgeni wa heshima angekuja kuizindua kwa nchi nzima.

Leokadia alikuwa mwanafunzi wangu. Ndiye aliyepewa chumba changu chenye dirisha kubwa la magharibi, "kwa muda", miaka saba iliyopita. Mimi nikahamishiwa chumba cha nyuma, dirisha linatazama choo cha wauguzi. Jua hupita hapo dakika arobaini kwa siku, linaonekana lina haraka.

Mwalimu Salum alipowekewa punje nilimwomba aendelee kuniletea chupa kila wiki. "Kwa ajili ya kumbukumbu," nilimwambia. Chupa ishirini na tisa zilikaa dirishani kwangu mfululizo na zote zikabaki nyeupe, na kila asubuhi nilizitazama kabla hata ya kuvua koti. Nilikuwa natazama nini? Sikujiuliza.

Jumatatu hii Mwalimu alifunga sunna, kujizoeza, kwa kuwa Ramadhani ilikuwa imebakiza wiki moja tu. Jioni, kabla ya kufuturu, akaniletea chupa. Bangili yake ilikuwa kijani kama jani la mgomba. Jumatano asubuhi nikaingia chumbani, nikatazama dirishani, na chupa ya thelathini ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, ukingoni inaelekea choya.

Nitasema ukweli, maana nisipousema humu sina pengine pa kuusemea. Jambo la kwanza nililosikia lilikuwa furaha. Nilikaa kitini, nikacheka peke yangu. Ilichukua muda, kama wa kunywa kikombe cha chai, kabla sijakumbuka kwamba ndani ya chupa ile alikuwamo mtu.

Nikatafuta sababu, na haikuwa ngumu kwa mtu wa fani. Punje ni kitu hai, nayo inakula sukari. Sukari ikipungua sana mwilini, inalala. Na ikilala, bangili inarudia namba ya mwisho iliyopokea. Kijani, kijani, kijani, huku mvivu amebaki peke yake na matofali yanaruka. Siku moja ya namna hiyo inaleta chai ya rangi. Thelathini mfululizo zinaleta jeneza.

Nilimwita Mwalimu Salum saa ileile, nikamwonyesha. Akaishika chupa, akaitazama kwenye mwanga kama anasahihisha insha.

"Daktari," alisema, "huyu anayesema nisifunge ni wewe, au ni kile kijiti kilichokukaa kooni?"

"Kijiti gani?"

"Tumekula pamoja miaka ishirini na minne. Nimeona uso wako siku nilipokwambia naenda kuwekewa punje. Ulisema hongera kama mtu anayetema mbegu ya limau." Akairudisha chupa dirishani, polepole. "Nimeshanunua tende, Daktari. Nina miaka sitini na tatu. Bibi huyo mwenyewe akiniambia nisifunge, sifungi. Wewe, kwa hili, nisamehe. Sikuamini."

Ndiyo sababu Alhamisi asubuhi nilikwenda kwenye Mizani. Na nilikwenda nikiwa nimejinyoosha, nina hakika itasoma ishirini, ikizidi sana ishirini na tano.

*

Nilirudi chumbani na karatasi yangu iliyokunjwa mara nne, nikavuta droo ya chini.

Kuna tembe ndogo nyeupe, za kutuliza mapigo ya moyo, ambazo mbili zake zikimezwa saa moja kabla zinafagia makombo yote ya kijicho kwenye jasho na damu. Nilizijua tangu siku za kutengeneza Mizani. Sikuwaambia. Kila fundi huacha ufunguo mmoja mahali anapopajua yeye.

Nikazimwaga mezani. Kesho asubuhi ningemeza mbili, ningesoma kumi na mbili, bahasha ya bluu ingefunguliwa, na juu ya karatasi ya kwanza pangesomeka: Pingamizi la Dkt. Gaspar Kihwele. Leokadia angesoma jina hilo mbele ya watu. Niliionja picha hiyo. Ilikuwa tamu, na ilikuwa na haki ndani yake, jambo linalofanya utamu uwe mbaya zaidi.

Ila palikuwa na hesabu moja. Baraza husoma pingamizi, hata lililo safi, kwa siku kumi. Mwezi ungeandama Jumapili. Kufikia siku ya kumi, watu waliofunga kwa barua ya Leokadia wangekuwa wamefunga sita, na Mwalimu Salum alikuwa mmoja wao. Mimi orodha ya wagonjwa wa punje sikuwa nayo, wala haki ya kuiona. Mtu mmoja tu angeweza kuisimamisha punje saa hiyohiyo, kwa neno la mdomo, bila Mizani wala bahasha: mwenyewe aliyeitengeneza. Na akiisimamisha yeye, aliyeigundua kasoro ni yeye. Sheria ndivyo isemavyo, na ilikuwa sheria nzuri nilipoipigia kura.

Nilizikusanya tembe moja moja. Kwa nini nisiseme kwamba niliogopa pia? Mizani huhifadhi tone la damu miaka kumi. Siku moja angekuja kijana mwenye akili kuliko mimi, akaziona tembe ndani yake, na mimi najua vijana wenye akili kuliko mimi wanapatikana, maana niliwahi kumfundisha mmoja.

Nikachukua chupa ya thelathini, nikaitia kwenye mfuko wa koti, nikaenda kwenye chumba changu cha zamani.

*

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Leokadia. Alikuwa amesimama mbele ya dirisha langu, ameshika vitenge viwili, mkono huu na mkono huu, anachagua cha kuvaa Jumamosi.

"Marahaba, Mngoni. Naona bado hamjaiba viti."

"Viti vyenyewe tulivikuta. Wahehe mlivikimbia."

Lazima nieleze. Yeye ni Mngoni wa Songea na mimi ni Mhehe. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani, na mtani unaweza kumwambia lolote wala asikasirike. Alipopandishwa cheo nilimletea kijeneza cha boksi, nikamwambia ni cha cheo cha zamani. Alipofiwa na baba yake nilikwenda hadi Songea, nikashuka kaburini, nikalala humo, nikakataa kutoka mpaka nipewe jogoo. Watu walicheka huku wanalia, kama inavyotakiwa. Miaka kumi na minane nimemtukana huyu mwanamke kila siku ya kazi, na kila siku amecheka. Hakuna maficho mazuri ya kijicho kama utani. Ulikuwa nyumba yangu, nimejenga na ghorofa.

"Punje yako inalala mgonjwa akiwa na njaa," nilimwambia.

Akacheka. "Hii nzuri. Hii nitaisimulia nyumbani."

"Inalala, na bangili inarudia namba ya mwisho. Mwalimu Salum alifunga Jumatatu. Tazama." Nikaweka chupa mezani.

"Umetia choya. Au juisi ya bibo?"

"Leo si utani, Leokadia."

"Ndivyo ulivyosema ulipoleta jeneza." Akaweka kitenge cha kijani begani, akajitazama kwenye kioo. "Mwalimu, kipimo cha njaa tulikifanya. Watu arobaini wodini, kuanzia saa mbili usiku hadi saa saba mchana wa pili yake, hawajatia kitu mdomoni. Wote arobaini, safi. Ulikuwepo nilipokisoma. Ulisinzia kwa makusudi."

Nilisinzia kwa makusudi kweli. Ndipo nikatoa ile karatasi, nikaikunjua mara nne, nikaiweka karibu na chupa.

Alisoma. Kitenge kikateleza begani, hakukiokota.

"Tisini na moja."

"Ya pili ilikuwa tisini na mbili. Karani alinihurumia."

"Na yote ni juu yangu?"

"Sina mtu mwingine."

Alikaa. Nje wauguzi walikuwa wanapita wanaongea, na tulisubiri wapite wote.

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliponiuliza kwa nini yule mtu wa tatu asiletewe msaidizi. Ulikuwa na miaka ishirini na sita, unatafuna karanga maabara, jambo nililokuwa nimekukataza. Mimi nilikuwa nimehesabu matofali miaka kumi na moja, na swali hilo halijawahi kunipitia kichwani. Nilikwambia ni swali la kitoto. Nikaenda chooni, nikakaa huko nusu saa."

"Kwa hiyo maneno yote yale…"

"Nusu. Jeneza lilikuwa utani. Na kule kaburini, yule jogoo nilimtaka kweli."

Hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane asicheke, na nikasikia baridi miguuni kama mtu aliyevuliwa viatu. Alichukua chupa, akaiinua kwenye lile dirisha langu kubwa, na jua la magharibi likaingia ndani yake, likatoka jekundu.

"Ungetaka kunidanganya," alisema baadaye, "ungekuja na namba ndogo. Aliyeitengeneza Mizani hakosi kujua namna ya kuidanganya." Akasimama. "Twende jikoni."

*

Jiko la wodi ni la Mama Semeni. Ameliongoza miaka thelathini, na daktari mkuu mwenyewe hugonga kabla ya kuingia. Tulimkuta anamenya viazi, gunia limekaa pembeni yake kama mgeni.

"Mama," alisema Leokadia, "unawakumbuka wale wagonjwa wangu arobaini wa mwaka jana? Niliandika ubaoni wasile mpaka saa saba mchana."

"Nawakumbuka. Nilisoma. Mimi nasoma."

"Walikula?"

Mama Semeni aliweka kisu chini. "Mwanangu, unanijua. Ukiandika wasile, hawali. Walikaa hivyohivyo mpaka saa saba, maskini, wengine wametoka Makete, wengine Ludewa, safari ndefu. Niliwaonea huruma, nikawapa uji tu."

Bomba la sinki lilikuwa linadondoka.

"Uji," alisema Leokadia.

"Uji mwepesi. Saa moja asubuhi, na saa nne kidogo."

"Wenye sukari?"

"Sasa uji bila sukari unampa nani, mfungwa?" Alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Uji si chakula, Daktari. Ni kitu cha kunywa. Chakula nilikizuia kama ulivyosema. Mgeni wa watu akae tangu usiku mpaka mchana tumbo tupu, ndani ya jiko langu, halafu akaseme Iringa kuna watu gani?"

Leokadia alikaa juu ya gunia la viazi. Nilimtazama, na nilijua anachokiona: watu arobaini wamepanga mstari na vikombe vyao, wanapewa sukari kwa mapenzi, na punje zote arobaini ziko macho, zinachapa kazi. Kitabu chake cha majaribio kilikuwa na kurasa mia sita. Hakuna ukurasa uliouliza kama uji ni chakula. Mimi pia nisingeuliza. Mtu yeyote aliyelelewa upande huu asingeuliza.

"Nimeharibu kitu?" aliuliza Mama Semeni, sauti imeshuka.

"Hapana, Mama," alisema Leokadia. "Umenipa jibu."

Tukiwa koridoni alisimama, akaegemea ukuta.

"Nitaandika jina lako. Kihwele, kisha Mhagama."

Moyo wangu uliruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Nikaushika.

"Sheria haikubali. Pingamizi langu limekunjwa. Siku tisini."

"Basi tusubiri siku tisini."

"Mwezi unaandama Jumapili, Leokadia."

"Kesho rudi kwenye Mizani. Umeshanieleza kila kitu, pengine imeshuka."

Nilimtazama: amesimama pale na umri wake mdogo, mfuko wake wa karanga, na dirisha langu. "Haijashuka," nilisema.

Alivuta pumzi. Kisha akainua bangili yake ya mtengenezaji mdomoni, akasema kwa sauti ileile aliyokuwa akiniulizia maswali ya kitoto: "Mimi Leokadia Mhagama naisimamisha punje. Wote wale kila baada ya saa nne. Asifunge mtu."

Saa hiyo, kutoka Makete hadi Ludewa, bangili mia mbili na kumi na mbili ziligeuka njano. Mtu wa kwanza ambaye Leokadia mwenyewe alimpigia simu alikuwa Mwalimu Salum. Nilisimama karibu, nikamsikia mzee akijibu. "Sawa, mwanangu. Ukisema wewe, sawa." Mimi sikumwomba simu.

*

Uzinduzi wa Jumamosi uligeuka kuwa kitu kingine. Leokadia alivaa kitenge cha kijani, akasimama mbele ya mgeni wa heshima na kamera zote, akaeleza kwamba kazi yake ina kasoro, kwamba ameigundua kabla haijaua mtu, na kwamba atarudi maabara. Alimtaja Mama Semeni kwa heshima. Akamshukuru na "mwalimu mmoja ambaye sheria hainiruhusu kumtaja". Nilidhani watamzomea. Nitakuwa mkweli, nilikuwa nimewahi kiti cha mbele.

Walisimama. Walipiga makofi mpaka mgeni wa heshima akatoa leso. Magazeti yaliandika juu ya mtafiti aliyejikosoa mwenyewe, na Baraza likatangaza litampa nishani ya uadilifu, ambayo mimi niliipendekeza ianzishwe na sijawahi kuipata. Kumbe hata kuanguka kwake ni kwa kupanda. Nilipiga makofi na wenzangu. Viganja vilikuwa na joto, na si kwa sababu ya makofi.

Jumatatu ilikuwa siku ya kwanza ya mfungo. Saa saba mchana mlango wa chumba changu cha nyuma uligongwa mara mbili, kama unavyogongwa miaka yote, na Mwalimu Salum akaingia na kikapu. Akafunga mlango, akatandika kitambaa mezani, akatoa viazi vya kuchemsha, maharage, chupa ya chai. Mwisho akatoa pakiti ya tende, akaiweka katikati, akaitazama.

"Zilikuwa za kufuturia," alisema.

"Najua."

"Nilizichagua moja moja sokoni. Muuza tende alidhani naoza binti."

Nilimkumbuka mtu yule aliyecheka peke yake kitini Jumatano asubuhi. Sikumwambia Mwalimu habari za mtu huyo. Labda mwakani.

Mlango ukagongwa tena, kwa namna tusiyoizoea. Leokadia aliingia na sahani yake imefunikwa, akaufunga mlango nyuma yake kwa adabu, kama mtu anayeingia nyumba ya ibada.

"Shikamooni. Naweza kula hapa?"

"Mngoni haombi, anavamia," nilisema.

Alisita. Alinitazama usoni, anapima lile neno ni la upande gani, la nusu ipi. Kisha akavuta kiti kizuri, chenye mto, akakalia. "Mhehe naye hatoi, ananyang'anywa. Sogea."

Tukala. Alimweleza Mwalimu kwamba punje ya pili itafundishwa kukaa macho hata kwenye njaa, kwamba itachukua mwaka, pengine miwili, na kwamba safari hii watampima Mama Semeni kwanza. Mwalimu alimsikiliza kwa jicho lile la kusahihisha insha, na mwisho akaitikia kwa kichwa kama amempa tisa kwa kumi. Mimi kwa miaka ishirini na minne sijapita nane.

Dirishani chupa ya thelathini na moja ilikuwa inasubiri dakika zake arobaini za jua.

Mwalimu akafungua pakiti, akagawa tende. Akamwekea Leokadia tano. Akaniwekea mimi nne.

Nilizihesabu, kisha nikazihesabu tena.

"Nne, Mwalimu?"

"Daktari," alisema Mwalimu Salum, huku anajimiminia chai, "wewe tisini na moja inakutosha."

Leokadia alikuwa anatazama choo cha wauguzi kwa makini sana, mdomo umejaa.

Nilizila tende zangu taratibu, moja moja, ili za Leokadia ziishe kwanza.